Fukujuso za Ng'ambo ya Njia

Kijijini kwa Bi Kinue, juu milimani Yamagata, nyumba zilizobaki kufuka moshi zilikuwa mbili: yake, na ya Bi Masae ng'ambo ya njia. Wawili hao hawakusemezana tangu mume wa Kinue alipouangusha mti wa mpakani mwa mashamba yao. Mume alishazikwa, kinyongo kikabaki hai.

Theluji ikianza kulegea, ua la kwanza kutoka ni fukujuso. Ni la manjano, hukaa chini karibu na udongo. Jua likiwaka hufumbuka, wingu likipita hujifumba. Maana ya jina lake ni heri na umri mrefu. Umri Kinue alikuwa nao tele. Wa kuutumia naye ndiye hakuwepo.

Asubuhi moja alimwona Masae ameinama kwenye tuta, akichuma machipukizi na kuyatia kikapuni. Kinue alidhani ni fuki, mboga chungu ambayo kila nyumba huikaanga msimu huo. Kisha akakumbuka kwamba pale hapajawahi kuota fuki. Zilikuwa fukujuso ambazo hazijachanua, na sumu yake husimamisha moyo.

Alingoja kidogo, kana kwamba atatokea mtu mwingine wa kwenda kusema. Akavaa viatu vya mpira, akavuka njia.

Kikaango kilikuwa tayari motoni.

"Usile hizo," alisema akiwa mlangoni.

Masae hakugeuka. "Miaka yote hiyo kimya, leo waja kunichagulia mboga?"

"Si mboga, ni fukujuso. Hebu nusa, zina harufu ya fuki hizo?"

Masae alinusa, akanusa tena. Akazima moto. "Mwanangu aliniambia macho yamekwisha. Nikamwita mwongo."

"Mimi juzi nimetia chumvi kwenye chai," Kinue alisema. "Nikainywa."

Masae alicheka, akamwambia aingie, baridi inapita. Walikula wali na figili za chumvi. Habari ya mti hakuna aliyeigusa. Masae alieleza kwamba Jumapili mwanawe angekuja kumchukua, akaishi naye mjini Sendai, kisha akaomba mche mmoja wa fukujuso aende nao. Kinue alimwambia ni vigumu: mizizi yake huzama mbali, ukiing'oa hukatika, na ukipanda mbegu utangoja miaka kuona ua.

"Basi liache hapo hapo," Masae alisema. "Mradi nijue lipo."

Jumapili gari lilikuja, likaondoka. Masae alimwachia Kinue ufunguo. Fukujuso zilichanua kwa wingi mwaka ule, na kabla ya joto kukolea majani yake yalinyauka, yakapotea ardhini. Kila baada ya siku chache Kinue alivuka njia, akafungua madirisha ya nyumba ile ipate hewa, akaketi jikoni hadi chai yake ipoe, kisha akayafunga.