Mustari Nyekundu ya Vise ya Sita

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1958, saa ine ya asubuhi. Muke wangu Mukandutiye alishika pasi ya umeme kwa chumba ya kufulia nguo ya hoteli ya kando ya ziwa, na mukono wake haukuiachilia tena mupaka walipokata umeme.

Mi ndiye nilikuwa naangalia nyaya za ile hoteli. Sikusoma sana, darasa mbili kwa Mapadri, lakini kazi hiyo naijua. Kwa ukuta wa kufulia kulikuwa na sanduku, na ndani yake kipande ya porselini penye nyaya zinakutana. Tunaita borniye. Kila waya inabanwa na vise yake, ile skurubu ndogo ya kuzungusha. Vise ikilegea, waya inapata moto, inavuma kama nyuki ndani ya mutungi. Hewa ya ziwa inaleta kutu ya kijani, na mwaka ule volkano ilikuwa inawaka ng'ambo, upande wa Goma, majivu yake tulikula nayo.

Basi kila Jumamosi nilikuwa nakata umeme, nasugua kutu na burashi, nakaza vise. Si kwa nguvu, maana porselini inapasuka. Mukono wenyewe unakuambia inatosha. Kisha navuta waya kidogo. Ikikataa kutoka, ndipo napaka mustari ya rangi nyekundu, ile wavuvi wanapaka mitumbwi, toka kichwa ya vise mupaka kwa porselini. Mustari ikikatika, najua vise imezunguka. Kuvuta kwanza, rangi nyuma.

Mukandutiye alikuwa ananingoja kwa mulango na kikapu yake.

"Papa Béata, umekaza?"

"Nimekaza."

"Zote?"

"We unataka nikaze na meno yako?"

Anacheka, tunarudi kwetu Mbugangari.

Meneja mupya alipokuja, akasema Jumamosi wageni wanataka barafu na gramofoni, umeme haitakatwa. Nikaomba. "Bon," akasema, "dakika kumi, mara moja kwa miezi miwili." Vise kumi na mbili, dakika kumi. Waya ya pasi nayo ilikuwa imechubuka ngozi. Tangu Juni naomba mupya. Wakubwa, masikio yao iko kwa wageni.

Jumamosi tarehe 11 nilikaza kama mutu anakimbia mvua. Kapita Nzeyimana, musimamizi wetu, alisimama nyuma yangu akiangalia saa.

"Haraka, muzee. Bia ya bwana inageuka supu."

Nikafunga sanduku. Kwa mulango muke wangu akaniuliza swali lake. Nikajibu nimekaza.

Siku tatu tu. Walipokwisha kumubeba, nilifungua sanduku mbele ya meneja. Vise ya sita ni ya waya ya udongo, ile inapeleka chini umeme iliyopotea njia, isipite kwa mutu. Mustari nyekundu ilikuwa nzima. Meneja akainama, akaona.

"Donc kazi yako iko muzuri. Ni yeye alishika pasi na mikono ya maji."

Akaandika hivyo. Alipogeuka, nikavuta waya na vidole viwili. Ikatoka kama jino ya mutoto.

Sikusema. Ningesema, wangefuta jina yake waweke yangu, na zile dakika kumi hakuna mutu angeziandika. Basi karatasi inasema mikono ya maji mupaka leo. Muke wangu alikuwa anapangusa mikono kwa kitenge mara mbili kabla ya kugusa pasi. Na binti yetu Béata anaamini mama yake alikufa na uzembe.

Habimana, fundi wa umeme wa Goma, aliniambia shaba ikipata moto na kupoa inaminyika, waya inalegea na vise haijazunguka hata kidogo. "Ndiyo maana inakazwa kila wiki, ndugu yangu." Inaweza kuwa hivyo. Inaweza pia kuwa nilipaka rangi na sikukaza. Nautafuta kwa akili mukono wangu wa Jumamosi ile. Vise ya tano naikumbuka. Ya saba naikumbuka, ilikuwa na kutu mingi.

Nyumba yangu haina umeme, ni taa ya petroli tu. Lakini kila Jumamosi, saa ile tulikuwa tunarudi, ukuta unavuma kama nyuki ndani ya mutungi. Nimebomoa udongo na jembe pahali pawili, hakuna kitu. Kisha mvumo inanyamaza, na kwa mulango nasikia kikapu inawekwa chini.

"Papa Béata, umekaza?"