Mzigo Uliofikia kwa Mama Mapezi

Duka la Mama Mapezi lilikuwa jembamba kama korido, limebanwa kati ya fundi viatu na ofisi ya fotokopi, na Jumamosi ile fundi wa miwani alikaa humo tangu baada ya chakula cha mchana mpaka jua likaanza kupungua makali. Alikuwa amejiunga na darasa la kuzamia majini. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kila mtu ajitafutie vifaa vyake, na mjini pale duka la vifaa hivyo lilikuwa hilo hilo moja.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiokaukiwa maneno. Alimvisha suti ya mpira, ile inayobana mwili mzima, na ilipogoma kupita mapajani akaimwagia poda, akamgeuza fundi akatazama ukuta, akamwekea goti kiunoni na kuvuta zipu.

"Toa pumzi, fundi. Tumbo hilo si la kwanza kuingia humu."

Ikafuata jaketi ya kuelea, kisha regyuleta, kile kifaa kinachotoa hewa kwenye mtungi na kuileta mdomoni kwa kipimo. Hapo kazi ilikuwa kubwa, kwa sababu fundi hakuwa na magego upande mmoja na vipande vya kung'ata vilikuwa vinamteleza. Mama Mapezi akamjaribishia kimoja baada ya kingine, kila kimoja akikiosha kwanza kwenye beseni, mpaka wakapata kilichokaa. Wakati huo mama mmoja mwenye watoto wawili alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kuhudumiwa. Alisubiri, akahema, akaondoka.

"Atarudi," Mama Mapezi akasema, akaingia stoo kutafuta mapezi ya kuvaa miguuni, ya saizi ya fundi.

Fundi alitoa simu na kupiga picha lebo za kila alichojaribu. Mama alipotoka stoo, simu ilikuwa imesharudi mfukoni.

"Nimevipenda vyote," akasema akifunga kamba za viatu. "Acha nikaongee na mke wangu. Jumatatu nitakuwa hapa."

"Karibu sana. Na yeye mlete, huenda tukapata mzamiaji mwingine."

Hata kabla hajavuka barabara, fundi alijua kwamba Jumatatu hatatokea.

Nyumbani alikaa sebuleni na simu yake huku mkewe akipiga pasi. Hakuhangaika sana. Mtandaoni alipata regyuleta ile ile, na jaketi ile ile, kwa bei iliyomfanya apige mluzi.

"Umepata nini?" mkewe akauliza.

Akamweleza. Mke akaiweka pasi wima.

"Kwa hiyo umempotezea yule mama siku nzima, halafu unanunua kwingine? Si ndio wale unaowalaani kila jioni, wanaokuja kupimwa macho kwako, wakajaribu fremu zote, halafu wakaenda kununua miwani mtaa wa pili?"

"Hii ni tofauti."

"Tofauti yake?"

Fundi alifikiri kidogo. "Yeye hana kodi kubwa kama yangu," akasema. Hakujua kama ni kweli. Mke akarudi kwenye kola za mashati. Fundi akabonyeza, akalipa.

Ujumbe ulimkuta kazini, akiwa ameinamia lenzi ya mteja. Kampuni ilimshukuru, kisha ikamwarifu kwamba regyuleta na jaketi havipelekwi nyumbani kwa mtu. Ni vifaa vya kulinda uhai, kwa hiyo hukabidhiwa na wakala aliye karibu, ambaye atavifunga na kuvirekebisha mteja mwenyewe akiwepo. Chini yake palikuwa na anwani, na maelezo kwamba duka limepakana na ofisi ya fotokopi.

Aliisoma anwani ile mara kadhaa, kama mtu anayetumaini herufi zitabadilika. Kisha akapiga simu kwa kampuni. Binti aliyepokea akamwambia mzigo umeshafika kwa wakala, na kuurudisha haiwezekani.

"Lakini usijali, baba. Duka lenyewe zuri, na mwenye duka ni mcheshi sana."

"Namfahamu," fundi akasema kwa sauti ndogo.

Siku kadhaa alizipiga chenga, leo kazi nyingi, kesho kichwa kinauma. Mwisho mwalimu wa kuzamia akasema asiye na vifaa haingii majini na wenzake, ikabidi ajikaze. Njiani alitunga uongo wake, na akauona umekaa vizuri. Mama Mapezi alikuwa hajawahi kumuuliza jina.

"Ee, fundi wa miwani!" Mama Mapezi akamkaribisha. "Nilisema mkeo amekukatalia."

"Hapana, mama, hilo tutaongea baadaye. Leo nimetumwa. Kuna mwenzangu kazini ameagiza mzigo mtandaoni, akaambiwa uko hapa."

"Upo." Akatoa boksi chini ya kaunta, akaliweka kati yao. "Ila siwezi kukupa wewe. Lazima nimfungie mwenyewe mwilini. Mipira ya hewa ikikaa vibaya atapata shida chini huko."

"Ni mtu wa shughuli nyingi. Nipe tu, nitamweleza."

"Ngoja basi nimpigie tupange siku. Namba yake wameiandika hapa."

Mama akageuza boksi, akabonyeza namba taratibu kwa kidole kimoja, akaweka simu sikioni.

Mfuko wa suruali ya fundi ukaanza kuita.

Mwanzoni Mama Mapezi alitabasamu, akamwashiria kwa mkono kwamba apokee tu simu yake, asione taabu. Fundi hakusogea. Simu ikaendelea kuita. Mama akatazama mfuko, akatazama boksi, akashusha simu yake. Mashine za fotokopi za jirani zikasikika. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Vua shati la juu," mama akasema. "Nikufunge."

Alimfunga bila mzaha hata mmoja. Alipima mipira kwenye mabega yake, akakaza mikanda, akatafuta kile kipande cha kung'ata walichokipata Jumamosi ile, akakiweka kwenye regyuleta mpya. Mikono yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi.

"Nilidanganya, mama," akasema.

"Nimeshaona." Akakaza mkanda wa mwisho. "Ile kampuni inanipa kitu kidogo kwa kazi hii ya kufunga. Yule mama wa watoto hakurudi. Ungeniambia bei imekushinda, ningeipigia kampuni nikuombee punguzo, huwa naomba. Hukuniuliza."

Fundi akatoa pochi. Mama akatikisa kichwa, akamwambia airudishe. Fundi akageukia rafu, akachukua tochi ya kuzamia.

"Basi nipe hii."

"Mwalimu wenu anawazamisha usiku?"

"Hapana."

"Sasa tochi ya nini?"

Mama akaichukua mkononi mwa fundi, akairudisha rafuni, akaigeuza ikae sawa na nyingine.

Fundi alipomsimulia mkewe, mke alicheka ile sehemu ya simu, kisha akaacha kucheka. "Ukaomba radhi?"

"Nilitaka kununua tochi."

"Nimeuliza kama uliomba radhi."

Kwa muda mrefu fundi alikuwa anazunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya duka lile. Majini vifaa vilimkaa vizuri, regyuleta haikumteleza hata kidogo, na kila alipoing'ata alimkumbuka aliyeiweka sawa, akaona haya peke yake huko chini mbele ya samaki.

Mwishowe akaenda. Alimkuta Mama Mapezi na kijana mmoja aliyetaka kujaribu suti. Fundi akamwomba mama dakika moja, wakasogea kando.

"Mama, nilikukosea. Nilikutumia, halafu nikakudanganya usoni. Nisamehe."

Mama Mapezi alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia, fundi," akasema. Akamgusa bega kidogo alipompita.

Akamrudia yule kijana aliyekuwa ameshaanza kuvua mkanda.

"Kabla hujavua," akamwambia kwa upole, "unanunua hapa, au unapima tu?"

Kijana akacheka, akidhani ni mzaha wa duka. Fundi wa miwani akainamisha kichwa, akatoka.