Springi Mbili za Bluu

Lauro alizijua kabla hajazipima. Alipofungua kalibu mezani na kuzitoa springi nne zilizokaa kwenye bamba la pini, mbili zilitua kiganjani kwa uzito aliouzoea, na mbili zilikuwa nyepesi. Zote za bluu, urefu mmoja, upana mmoja. Akachukua kalipa yake ya kupimia unene, akapima waya wa kila moja. Zile mbili waya wake ulikuwa mwembamba.

Akavuta kiti, akakaa.

Kalibu ile ilitoa vifuniko vya plastiki vya ndoo za rangi. Kifuniko kikishapoa, pini hukisukuma nje, kisha springi nne hulirudisha bamba na pini zake kabla kalibu haijafungwa tena. Jumatatu bamba lilirudi upande mmoja, ule unaoonekana kutoka kwenye kitufe, upande wa pili ukachelewa, na kalibu ikajifunga juu ya pini. Pini sita zilipinda, na uso wa chuma uliong'arishwa kwa wiki mbili ukachimbika. Mashine ilikuwa ya zamani. Wa kutazama bamba limerudi ndipo abonyeze kitufe alikuwa mwendeshaji, na siku hiyo mwendeshaji alikuwa Ivonete.

Edson, mkuu wa kiwanda, alisema Ivonete aliharakisha. Ijumaa angeamua kama abaki au aende. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kwa miaka kumi na tisa, katika kiwanda kile cha Joinville, Brazili, springi zilichaguliwa na Lauro. Hakusomea popote. Alijifunza kwenye majedwali ya wauzaji na kwa springi zilizomkatikia. Kwa kalibu hii alipima uzito wa bamba, akaugawa kwa nne, akaongeza kidogo kwa ajili ya msuguano, akaamua springi za mzigo wa kati, zisibanwe zaidi ya theluthi ya urefu wake. Aliirudia hesabu yote pale mezani. Ilikuwa sawa.

Kosa lilikuwa kwenye droo yake ya springi. Mwezi Machi walipata mwuzaji mpya. Kwa yule wa zamani, bluu ilikuwa mzigo wa kati. Kwa huyu, aliyefuata jedwali la Kijapani, bluu ilikuwa mzigo mwepesi, na wa kati ulikuwa mwekundu. Jedwali lilikuwemo ndani ya boksi. Lauro alimimina bluu juu ya bluu, akatupa boksi na karatasi yake bila kuisoma.

Akaweka springi nyingine nne, kila moja ameipima. Zile mbili nyembamba akazitia mfukoni mwa aproni. Hakuwa ameamua kuzificha. Alizitia mfukoni tu, kisha kengele ya chakula ikalia.

Kantini, juu ya wali na maharage, watu walikuwa wakimcheka Ivonete, ambaye alikula peke yake karibu na mlango. Mmoja akasema labda mama huyo alikuwa na miadi. Mwingine akasema, "Kalibu ya Mzee Lauro haiharibiki yenyewe, ndugu zangu. Huyu hata mkate wa nyumbani anaupima kwa kalipa." Wakacheka. Lauro naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomkosesha usingizi.

Alhamisi nayo ikapita. Mara mbili alifika mlangoni kwa Edson, mara mbili akauliza jambo jingine.

Ijumaa asubuhi aliingia, akaziweka springi mbele ya Edson, akaeleza yote polepole, pamoja na boksi. Edson alizigeuza vidoleni kwa muda.

"Umechelewa, mzee," alisema. "Jana jioni Ivonete alikuja kusaini karatasi ya kuacha kazi. Amekiri mwenyewe kwamba alibonyeza mapema."

"Hakubonyeza mapema."

"Basi kamwambie wewe. Karatasi bado ninayo hapa, nitaichana. Mimi nilimwambia ni yeye, wewe ukanyamaza."

Alimkuta Ivonete kwenye kabati lake, anakunja sare. Lauro akamweleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Ivonete alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa na uhakika nimelitazama bamba," alisema. "Jumatatu, Jumanne, uhakika kabisa. Kisha nikasema, ikiwa ni springi, Mzee Lauro angeona. Mtu kama yule hawezi kuona halafu akanyamaza. Basi ni mimi. Nimewaambia hata wanangu ni mimi."

Akaacha kukunja, akamtazama Lauro.

"Ulijua lini?"

"Jumatano. Kabla ya chakula."

Ivonete aliitundika sare kwenye kulabu, akainyoosha mabega yake kwa kiganja.

"Saa sita, kantini, watu wote wakiwepo, utasimama useme," alisema. "Habari ya droo usiirefushe, mzee, kila mtu hukosea. Sema habari ya Jumatano."

Lauro akaitikia kwa kichwa. Saa mbili ilikuwa ndiyo kwanza inagonga.