Nyumba ya Chini na Banda la Farasi

Tangu dunia iumbwe dalali hajawahi kuuza nyumba mbaya, na huyu hakuwa na nia ya kuanza leo. Alitangulia mbele akisifu hewa, akasifu vigae, akausifu hata ufa wa jikoni, eti unaonyesha nyumba imekwisha kutulia. Mnunuzi, binti mshona mapazia, alimwacha aseme. Macho yake yalikuwa kwa baba yake, mtunza farasi mstaafu, ambaye alivua kofia getini na hakutaka kuivaa tena.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, bila hata ngazi moja, na nyuma yake kulikuwa na uwanja mpana wa majani na banda la farasi. Binti alijinyima miaka mingi ili ainunue. Walikuwa wakiishi ghorofani, na kila mara mzee alipopanda, alisimama kwenye kona za ngazi akijifanya anasoma matangazo ya ukutani, ilhali miwani kaiacha ndani. Binti alitaka kumshtukiza kwa furaha, ndiyo maana jana alimwambia tu, "Baba, kesho twende ukanitazamie mahali pa farasi." Hakuongeza neno.

Lakini mambo yalikuwa yanaenda mrama. Mzee hakukanyaga sebuleni. Alizunguka akaingilia mlango wa jikoni, akafuta viatu kama anayefuta dhambi, akasimama kando ya ukuta. Akiambiwa akae, alijibu, "Nimezoea kusimama." Chumba chenye jua la asubuhi, kile alichowekewa moyoni na binti yake, hakukitupia hata jicho. Bandani ndiko alikochangamka. Aligonga nguzo, akanusa majani makavu, kisha akachungulia kijichumba cha kuwekea matandiko.

"Hapa pananitosha," alisema. "Kitanda kitaenea, na usiku nitawasikia wakikohoa."

"Nani, baba?"

"Farasi wa tajiri wako."

"Tajiri gani tena?"

"Si huyo unayemshonea mapazia, anayenunua hii nyumba? Uliponiambia nije kutazama, nikajua anatafuta mtunza farasi nawe umenitaja." Mzee alishusha sauti ili dalali asisikie. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu, sitakuaibisha. Ila mwambie magoti haya si yale ya zamani. Mwaka mmoja nitauweza. Kama umeshamwahidi zaidi, basi, nitajikaza."

Mzee wa watu, magoti yamekwisha, yuko tayari kurudia kubeba ndoo za maji alfajiri ili tu mwanawe asionekane mwongo! Binti alimshika ule mkono wake mgumu akalia waziwazi, na dalali, kwa mara ya kwanza siku ile, akakosa cha kusifu.

"Hakuna tajiri, baba. Nanunua mimi. Ni nyumba yetu. Wewe utalala kwenye chumba chenye jua, na farasi utamchagua mwenyewe. Awe wako. Hakuna wa kukutuma."

Mzee aliketi juu ya robota la majani makavu.

"Wangu," alisema, kama mtu anayeonja chai kujua kama ina sukari. Kisha akacheka kwa aibu. "Sasa kuna jambo. Mimi kupanda sijui."

"Kupanda nini?"

"Farasi. Nimewaosha, nimewazalisha, wengine nimewazika nikilia. Mgongoni nilikuwa nawapandisha wenye mali, halafu mimi nashika kamba na kutembea. Hakuna aliyewahi kuniambia, na wewe panda."

Binti alimtazama baba yake. Maisha yake yote alimjua kama mtu wa farasi, na hili hakulijua.

"Utajifunza," alimwambia. "Kamba nitashika mimi, wewe ukae juu."

Mzee aliutazama uwanja kwa muda mrefu, huku na huku, mpaka kwenye uzio.

"Basi nitachagua mfupi," alisema. "Nikianguka, nisianguke mbali."