Machozi Hayaruhusiwi Tangini

Usiku wa jana niliota nakufa kiu, nami nimekaa ndani ya maji hadi kidevuni.

Maji yenyewe ni ya tangi la kioo la marehemu mume wangu, lililoko sebuleni kwetu Tanga. Humo alifuga tumbawe moja la zambarau na samaki wawili wenye mistari. Mwili wangu, kusema kweli, ulikuwa Iringa kwa binti yangu Saumu. Nilipotoka eda aliniambia, "Mama, njoo upumzike kidogo." Nikaja. Tangi nikamwachia wifi yangu Mwanasha, dada wa marehemu, mwanamke mwenye huruma nyingi na maswali machache.

Basi naota. Mlango unafunguliwa, Mwanasha anaingia na ndoo. Anatia chumvi, anakoroga, ananimiminia utosini.

"Wifi, unafanya nini?"

"Maji yamepungua. Hawa si viumbe wa baharini? Nawaongezea ya chumvi."

"Kinachopungua ni maji, wifi. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki humu humu. Ongeza maji matupu."

"Maji matupu!" Akashika kiuno. "Vipenzi vya kaka yangu niviandalie maji matupu, kama wageni wasiotakiwa? Usinitafutie maneno, wifi."

Akatoka, akarudi na ndoo nyingine. Ndipo nikaelewa kiu yangu imetoka wapi.

Kipima chumvi kikashuka kutoka rafuni. Ni bwana wa kioo, shingo nyembamba, kitambi cha mviringo, anaelea wima majini. Chumvi ikizidi, naye anainuka. Sasa kichwa chake kimegota darini.

"Bibi," akasema kutoka huko juu, bila haraka, "tumbawe lako linakufa. Adhuhuri halifiki."

Nalitazama. Limejikunja. Vinywa vyake vyote, na ni vingi kuliko vya ukoo wa mume wangu, vimefumbwa. Nalipatia chokaa ya tambuu yangu. Chokaa ndiyo inayolijenga mifupa, na marehemu alikuwa akiniibia hiyo hiyo kulilisha, akidhani sioni.

Kinywa kimoja kikafumbuka kidogo. "Hatuna njaa. Tuna kiu, kama wewe. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe amekufa."

"Hilo tunalijua. Tumeuliza yuko wapi."

Nikainua macho. Mume wangu amekaa juu ya uso wa maji, amevaa koti lake la Ijumaa. Yupo kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu imeshakuwa mvuke, inatoka dirishani taratibu.

"Baba Saumu, unakwenda wapi?"

"Siendi. Napungua tu."

"Basi ngoja nikujaze."

Nikaanza kulia, maana maji mengine sikuwa nayo. Bwana wa kioo akapiga ukelele hadi samaki wakajificha.

"Machozi hayaruhusiwi tangini! Yana chumvi!"

"Mie ni mjane, baba. Sasa nikalie wapi?"

"Nje."

Niko nje. Niko uani kwa Saumu, ukungu wa Iringa umetanda, baridi inang'ata masikio. Bwana wa kioo ananishikia ndoo.

"Tandaza khanga juu yake," anasema. "Lia hapo. Chumvi ibaki, maji yapite."

Nalia. Chumvi inabaki juu ya khanga kama pumba kwenye chekeche, na kinachodondoka ndooni ni maji matupu. Eda nzima nimelia, hakuna aliyenionyesha njia hii. Nalilia sauti ya marehemu ya kukohoa uani. Nalilia viatu vyake, ambavyo ndugu zake waliwahi kuvigawa kabla sijajua kama nataka kubaki navyo. Ndoo inajaa.

Bwana akajitumbukiza kupima, akazama hadi shingoni. "Haya ndiyo yenyewe," akasema, akaniuliza kama nimebakiza mengine. Nikamwambia asiwe na shaka, hayo ninayo ya kutosha.

Uani kumekuwa sebuleni tena. Namimina polepole. Maji yanapanda hadi mahali pake. Bwana wa kioo anashuka kutoka darini. Tumbawe likafumbua vinywa vyote kwa mara moja, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaomwitikia mwalimu.

Mume wangu amebaki uso tu.

"Baba Saumu, limejaa. Rudi basi."

"Limejaa, Mama Saumu. Lakini maji haya ni yako. Mimi nimeshatoka dirishani."

"Sasa mie nimejaza nini?"

"Nafasi yangu," akasema, kisha na masharubu nayo yakaenda.

Nikaamka. Mto umelowa chapachapa, simu inalia. Mwanasha.

"Wifi, umeamkaje? Lile jiwe la kaka limechanua! Na maji nimeyakuta yamepanda yenyewe. Wallahi leo sijatia hata tone."

"Alhamdulillahi. Ila usitie tena chumvi, wifi."

"Nani kakwambia natia chumvi?"

Kabla sijajibu, Saumu akaingia na kikombe cha chai. Akautazama mto, akaketi kitandani taratibu.

"Mama, ulikuwa unalia?"

Nikapitisha kidole shavuni, nikakilamba. Hakikuwa na ladha yoyote.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Ni maji matupu."