Nyama ya Baridi

Bei ya kuku mjini Multan hutoka asubuhi, watu hata chai hawajanywa, na tangu joto la Juni liingie Bilqis alikuwa akiipokea huku ameshika kifua. Simu ilitoa ule mlio mfupi wa ujumbe. Leo imepanda tena. Aliisoma mara mbili, labda macho yanamdanganya, kisha akachukua chaki akausogelea ubao.

"Mia saba na ushei kwa kilo," alimwambia Nawab, mchinjaji wake. "Rupia mia saba! Si bora watu wakanunue dhahabu, angalau haiozi."

"Andika tu, mama. Kwani bei tunapanga sisi?"

Hapo ndipo penye balaa. Bei wanaipanga wakubwa wasiojulikana wanakaa wapi, bila shaka penye viyoyozi, halafu matusi anayapokea mwenye ubao. Mteja wa kwanza aliusoma ubao, akamsoma Bilqis, akasema, "Mnatunyonya damu nyie," akaenda zake kununua dengu. Wa pili alitaka shingo na miguu tu. Nyama ya jana ilikuwa imelala vilevile kwenye sanduku la barafu, karibu kilo arubaini, haijaguswa.

Duka lilikuwa la marehemu mumewe, na kwa hesabu za ukoo bado ni la ukoo. Wazee walimwachia alishike, mwanamke mmoja katikati ya wanaume wenye visu, kwa sharti kwamba lisije kuwaletea aibu. Siku watu wakilisema vibaya, ufunguo unakwenda kwa Dilshad, mdogo wa marehemu. Bilqis ana binti wawili chuoni na mama mkwe anayeishi kwa dawa, na wote wanakula hapo hapo kwenye lile gogo la kukatia nyama. Ndiyo maana halali vizuri. Dilshad naye haishi kupita, kila asubuhi, na kanzu yake iliyopigwa pasi, eti anasalimia.

Na leo alikuwepo, ameegemea mlango, gari la kuku lilipofika limechelewa. Dereva alishuka anajifuta jasho, hataki kumtazama mtu.

"Wako wapi wengine?" Bilqis aliuliza. Matundu ya juu yalikuwa na kuku wanaohema midomo wazi. Ya chini yalikuwa kimya.

"Joto, mama. Foleni ya barabarani imetuweka juani. Hao wa chini ni baridi. Lakini usiwe na wasiwasi, kuna jamaa wa gunia atawapitia."

Katika lugha ya soko lile, baridi ni kuku aliyekufa kabla ya kisu. Kwa dini ni mzoga, kwa afya ni sumu. Lakini wapo watu wanaowanunua kwa bei ya kutupa, na baadaye wewe unakula sambusa stendi ukisifia viungo. Pole yako.

"Kwangu hakuna jamaa wa gunia," Bilqis alisema. "Nawab, watie kwenye gunia uliweke nyuma. Jioni tutawafukia na chokaa, kama siku zote."

"Hasara hiyo, shemeji," Dilshad alisema akichekea ndevuni. "Wenzako wanajua kupanga mambo. Duka hili linataka mwanamume."

"Linataka kuku, shemeji. Wanaume wamejaa tele hapo mlangoni."

Dereva alicheka, Dilshad akanuna. Lakini moyoni Bilqis alikuwa hana raha hata chembe. Kuku wachache, bei juu, na shemeji anahesabu kila kosa.

Katikati ya zogo hilo ndipo alipoingia Hajira, jirani wa mtaa wa nyuma, mjane mwenzake. Leo alikuwa anamwoza binti yake Kiran. Bwana harusi ana likizo fupi tu kutoka Dubai, kwa hiyo hawakungoja joto lipungue. Watu wake walikuwa wamesema wazi kwamba wanatarajia mchuzi wa kuku. Si dengu, si mbaazi. Kuku. Hajira aliisogelea kaunta mpaka karibu kabisa, shela imemfunika nusu ya uso.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "kama unayo ya baridi, nipe hiyo. Kilo thelathini. Hii ya ubaoni siiwezi."

Akina mama wa majumbani nao wana baridi yao. Wakikuambia nyama ya baridi wanamaanisha ile ya jana iliyolala kwenye barafu, ambayo mwenye duka mwema hukupunguzia. Bilqis aliona shela, akaona macho yaliyoinama, akamhurumia. Maskini, anaona haya kuomba apunguziwe, tena siku ya harusi!

"Ipo, mama Kiran, ipo nzuri tu. Nenda kapambe mtoto, nitakuletea mpaka mlangoni. Na hela usinitajie leo."

Hajira alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akamwona Dilshad, akaondoka haraka.

Simu ikalia. Ghala la kuku wa jumla: kama anataka matundu mawili zaidi aje mwenyewe sasa hivi, watu wanagombania. Bilqis alichukua pochi, huku akimpigia kelele Nawab aliyekuwa nyuma, "Mkatie Hajira nyama ya baridi kilo thelathini, umpelekee mwenyewe! Harusi mchana!"

Nawab alitokeza kichwa. "Ya baridi? Una hakika, mama?"

"We Nawab, nimesema baridi! Unataka nikuandikie barua?"

Nawab alimtazama kidogo. Kisha akarudi ndani.

Ghalani palikuwa na vurugu. Watu wanasukumana, mmoja anaapa, mwingine anavuta tundu. Bilqis alipata tundu moja kwa kupigana viwiko, akarudi na bajaji, nguo zimemganda mgongoni. Jua lilikuwa utosini. Nawab alikuwa ameketi juu ya ndoo, anakivuta kisigara chake kwa hasira.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka."

"Alifurahi?"

"Sijui." Nawab alitema mate pembeni. "Mama, mimi nimemtumikia marehemu, nimekutumikia wewe. Bei imepanda, najua. Lakini sikutegemea hili kwako. Usinitume tena."

Bilqis hakumwelewa. Alidhani ni joto linamsumbua mzee. Akafungua sanduku la barafu atie maji ya kunywa.

Nyama ya jana ilikuwa humo. Yote.

Aliitazama, akafunga sanduku, akalifungua tena kana kwamba itakuwa imeondoka. Halafu akaenda nyuma. Gunia lilikuwa limelala chini bapa, na manyoya yametapakaa.

"Nawab," alisema. "Nawab, umempa nini?"

"Ulichosema. Nilikuuliza. Ukanikaripia."

"Ya barafu, Nawab! Ya barafu! Ewe Mola wangu, unaweza kunifikiria mimi hivyo?"

Mzee wa watu alisimama, kisigara kikamdondoka. Wakati huo Bilqis alikuwa ameshatoka mbio, viatu vinamvuka. Njia nzima mawazo yalikuwa yanagombana kichwani. Akisema ukweli, duka limekwenda: kosa ni lake, mdomo wake ndio uliosema baridi. Akinyamaza, watu watakula mzoga, wazee na watoto, na Kiran ataanza ndoa kwa haramu. La kuvunda halina ubani. Labda hawajapika. Labda mpishi kachelewa. Mungu wangu, fanya mpishi awe kachelewa!

Mpishi hakuchelewa. Uani kwa Hajira sufuria kubwa lilikuwa motoni, mvuke unapanda, mafuta yameelea juu. Pembeni palikuwa na sufuria la wali wa dengu, la akina mama na majirani. Kutoka barabarani tarumbeta za msafara wa bwana harusi zilikuwa zinasikika, tena si mbali.

Bilqis alimvuta Hajira mkono mpaka nyuma ya pazia la jikoni.

"Mama Kiran, nisamehe, niue ukitaka. Nyama ile usiipakue. Nawab kakosea. Kakupa wale waliokufa. Mimi nilisema ya barafu, yeye kaelewa..."

Hajira hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Bilqis kuliko yote. Mwanamke huyo alisimama tu, hina mpya mikononi, akitazama pazia.

"Punguza sauti, dada," alisema.

"Nipunguze sauti? Ni mzoga!"

"Najua ni nini. Nimeosha matumbo ya kuku soko la jumla tangu Kiran ananyonya. Unafikiri sijui baridi ni nini?" Alivuta shela usoni. "Niliomba ile ile. Nawab ndiye aliyenielewa, wewe ndiye hukunielewa."

Tarumbeta zilikuwa zimefika kona ya mtaa.

"Ningefanya nini?" Hajira alinong'ona, na sasa machozi yalikuwa yanatiririka. "Nimeuza bangili, nimeuza cherehani. Kila siku napita dukani kwako, nasoma ubao, na kila siku umeandika zaidi. Wamesema bila kuku wanageuza msafara. Niliapa dhambi hii naibeba peke yangu. Mimi mwenyewe sitaonja. Niache, dada. Chakula kimoja tu."

"Ungeniambia huna! Ningekupa bure!"

"Mbele ya shemeji yako?"

Bilqis alimfuta machozi kwa ncha ya shela. Alikuwa anamwonea huruma, na wakati huo huo alitamani kumzaba kibao. Lakini hapakuwa na muda wa lolote. Wageni walikuwa wanaingia. Watoto wa upande wa bwana harusi, wana njaa ya safari, walikuwa tayari wamekaa kwenye mkeka na vidole mdomoni.

Alitoka nyuma ya pazia akamwambia mpishi, "Zima moto. Hiki hakiliwi."

"Unasemaje wewe?" Mpishi alikuwa na mwiko mkononi. "Wageni hao!"

"Nimesema hakiliwi!"

Kelele zile zilimfikia baba wa bwana harusi. Akaja, shada la maua shingoni, watu wake nyuma. Na nani yuko naye bega kwa bega, jirani mwalikwa anayewakaribisha wageni kama mwenyeji? Dilshad.

"Kuna nini hapa?" mzee aliuliza.

"Mimi tangu nilipoitia sufuriani nilisema," mpishi alidakia, anajikosha mapema. "Mbona nyama nyeusi hivi, kama haikutoka damu? Nikamuuliza mwenye shughuli, akaniambia pika tu."

Macho yote yakamgeukia Hajira, aliyekuwa amesimama mbele ya pazia na rangi imemtoka usoni. Nyuma yake, kwenye dirisha la chumba cha bi harusi, pazia jingine lilitikisika. Baba wa bwana harusi alikunja uso. Alikuwa ameanza kuelewa, na mtu akielewa jambo kama hilo haketi tena kwenye nyumba hiyo.

Bilqis alimtazama Dilshad. Akawafikiria binti zake, na dawa za mama mkwe, na ufunguo ulio kwenye pochi. Akajiambia, mwanamke, sema kabla hujafikiri.

"Kosa ni langu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mimi ndiye mwenye duka la kuku. Huyu mama alinilipa nyama safi, bei kamili. Mimi nikamletea waliokufa na joto. Kuku wamekuwa adimu, tamaa ikaniingia. Yeye hajui kitu; aliniamini, ndiyo maana akasema pika. Nimekuja kuungama kabla hamjala."

"Astaghfirullah!" Baba wa bwana harusi alirudi nyuma hatua. "Mwanamke, humwogopi Mungu?"

"Namwogopa, ndiyo maana nimekuja."

"Mmesikia wote," Dilshad alisema. Alikuwa hachekei ndevuni tena. Alikuwa anacheka meno nje, na mkono ameshaunyoosha. "Ufunguo, shemeji."

Aliutoa akampa. Mpishi na wenzake walilibeba sufuria kwa matambara wakaenda kulimwaga shimoni, na mzee wa watu, baba wa bwana harusi, akamgeukia Hajira kwa sauti ya upole kabisa.

"Dada yangu, umedhulumiwa siku kama hii. Tutakula wali wa dengu, na tutashukuru. Ndoa ni ndoa."

Pangeishia hapo, Bilqis angekwenda zake. Lakini watu bado walikuwa wanamtazama Hajira. Walikuwa wanangoja. Mama aliyenusurika kulishwa mzoga kwenye harusi ya mwanawe hawezi kusimama kimya. Akikaa kimya, basi kuna jambo. Bilqis aliliona hilo, akamkazia macho Hajira. Sema, we mwanamke. Sema, usiniharibie.

Hajira alivuta pumzi.

"Mwizi!" alipiga kelele, na sauti ilimkatika katikati. "Nilikuamini kama dada yangu! Mjane mwenzangu, unakuja kuuza mzoga kwenye harusi ya yatima? Mungu akulipe! Watoto wako waje wale ulichotaka kunilisha! Toka kwangu! Toka, usikanyage tena kizingiti changu!"

Akina mama walianza kuitikia, mmoja akatupa kandambili, ikampata Bilqis begani. Hajira aliendelea, machozi yanamwagika, anatukana huku mikono yenye hina imejishika kwenye shela kwa nguvu. Wageni walitikisa vichwa kwa huruma, wakisema masikini mama wa watu, tazama alivyoumia.

Bilqis aliinamisha kichwa, akasimama pale pale juani akatukanwa mpaka mwisho, kwa sababu angeondoka mapema watu wangeanza kumtazama Hajira.