Sura ya Blanchard Iko Kwao

Bure! Mutu akikuambia neno ile, kimbia. Mimi sikukimbia. Sisi bakimbizi ba kambi, tangu tulifika Mantapala, unga bure, turubai bure, sabuni bure. Ukisikia bure unanyoosha mukono, na kintu ni yako. Njo vile nilipokea ile programu ya kuchora.

Mimi ni Antoine, seremala. Niko na mashini kidogo ya kuchonga mbao, niliiunga mwenyewe na vyuma vya mashini zenye kufa. Unachora ku ordinateri, ile kompyuta, mashini inafuata, inachonga. Bila programu ya kuchora, ni chuma tu ya kukalia kuku.

Na nilikuwa na kazi moya yenye kuniumiza roho: musalaba ya marehemu mudogo yangu Blanchard. Mu jamaa yetu, mujane anavua nguo nyeusi siku musalaba yenye jina na sura inapandwa ku kaburi. Tulikuwa tumepanga kuipanda siku ya Mungu, Jumapili moya kisha wiki sita. Pierrette, muke yake, alivaa ile nyeusi mupaka ikageuka rangi ya majivu.

Chisanga, mutengenezaji wa ordinateri kule Nchelenge, alinionyesha programu mbili. Moya inachora mistari na herufi tu. Ingine, weee! Unaipatia foto, inageuza sura ya kuchonga, pua inatoka, macho inaingia.

"Ba Antoine," akasema, "hii ya mistari ni bure siku zote. Ile ya foto ni bure mwezi wa kwanza tu."

Nilisikia bure. Mambo ya mwezi nikamuachia yeye.

Nikaingiza foto moya tu yenye tulibakia nayo, ya mu telefone ya Pierrette. Blanchard akatoka vile alikuwa, mupaka nikalia. Kisha telefone ikaanguka mu ziwa, ikakufa. Hatukuogopa. Sura si iko mu ordinateri?

Siku ya kuchonga, mwezi wa bure umekwisha kupita, nafungua: kufuli. Lipa kwanza, na karte ya benki. Nikarudi mbio kwa Chisanga. Akajaribu kulipa na telefone, ikakataa. Karte mimi sina, yeye hana, na nani atapatia mukimbizi namba ya karte yake?

"Basi nitolee tu muchoro yangu!"

"Haiko humu, ba Antoine, hata foto haiko. Programu hii inaweka vitu kwao, kwa benye kuitengeneza, mbali, ku mtandao."

Nikapiga meza. Mutu yangu amefungwa, na gereza yenyewe siyui iko wapi!

Jumamosi ilibidi nimuambie Pierrette.

"Shemeji, sura ya bwana yangu iko wapi?"

"Iko kwao."

"Kwa nani?"

"Siyui, Pierrette. Siyui!"

Akaangalia nguo yake. "Basi nitabakia mu hii?"

Nikafungua ile programu ya mistari, nikajaribu sura. Ilitoka kama chungu yenye masikio. Pierrette akanisukuma mukono.

"Achana na sura. Chora mugongo."

"Mugongo?"

"Wakati tulikimbia vita, alitembea mbele, mutoto ku mabega. Mimi niliona mugongo yake tu, njia yote, mupaka ku mutumbwi. Mugongo ile nayiyua vizuri sana."

Kwa mugongo, mistari ilitosha. Akanikosoa: bega ya kushoto ishuke kidogo, muguu ya mutoto ininginie hapa. Mashini ikachonga.

Siku ya Mungu tukapanda musalaba. Pierrette akavaa kitenge ya manjano, bamama bakapiga vigelegele. Nikapumua. Nilizania imekwisha. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Shemeji, na sura yake, batamufungulia siku gani?"